Mti wa Minana Usikatwe Aprili

Minana wanaponzwa na kelele. Ndege wengi wakishataga hunyamaza na kujificha, lakini minana wakiamua kwamba mparachichi ulio kati ya nyumba na jiko ndio mji wao, mwenye nyumba atajua, jirani atajua, na mgeni aliyelala chumba cha uani atajua kabla ya jua kuchomoza. Chini ya mti kunajaa majani makavu na vinyesi. Nguo zilizoanikwa zinafuliwa mara ya pili. Migomba ya karibu inabaki imechanikachanika kana kwamba imepigwa na mvua ya mawe. Katika Kata ya Kahororo, Manispaa ya Bukoba, kama ilivyo katika vibanja vya Muleba, dawa inayotajwa haraka ni panga.

Mti ni wa mwenyewe na kero ni ya kweli. Mtu aliyekosa usingizi hahitaji mahubiri. Hata hivyo panga lina wakati wake. Tangu mnana dume afunge utepe wa kwanza kwenye kijitawi mpaka makinda waruke, zinapita wiki tano au sita. Anayengoja wiki hizo hapotezi mti wala haki ya kuukata. Tena katika muda huo anapata kutazama, bila kiingilio na bila kutoka kwenye baraza yake, kazi ambayo wataalamu wa vyuo vikuu wametumia maisha yao kuichunguza.

Ukitaja ndege wa Kagera, wanaojua watakuelekeza msitu wa Minziro, wilayani Missenyi, mpakani na Uganda, wenye ndege wa misitu ya Kongo wasioonekana kwingine Tanzania. Wengine watakutajia Burigi-Chato, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Ni sahihi kabisa. Ila Minziro ni nauli, siku nzima na viatu vya mvua, na Burigi ni gari na mwongozaji. Mparachichi wa uani ni kiti na kikombe cha kahawa, na kwa habari ya viota, mwenye kiti huenda akaona mengi kuliko mwenye gari, maana kiota hakionwi kwa kupita. Kinataka mtu anayerudi kesho, na keshokutwa.

Anayeanza kazi ni dume, yule wa njano mwenye kichwa cheusi na jicho jekundu. Hatumii kijiti hata kimoja. Anatua kwenye jani la mgomba, la mchikichi au la mabingobingo, anang'ata ukingo, anashika ncha ya utepe mwembamba kwa mdomo, kisha anaruka nao. Mwendo wake ndio unaouchana utepe hadi mwisho. Akifika kwenye panda ya kijitawi anaufunga: anapitisha, anazungusha, anachomeka na kuvuta. Utepe juu ya utepe, inatokea pete iliyosimama wima. Kuanzia hapo miguu yake inabaki palepale kwenye pete. Akiinamia mbele anasuka chumba cha mayai. Akijipinda kuelekea upande wa pili anasuka kijiukumbi chenye mlango unaotazama chini. Ukubwa wa chumba unapimwa na mahali mdomo wake unapofika. Fundi aliyekomaa anaweza kumaliza ganda la nje kwa siku moja.

Kisha anaanza kutafuta mke. Jike akipita, madume wote wa mtini wananing'inia chini ya viota vyao, miguu juu kichwa chini, na kupigapiga mabawa ili njano ya ndani ionekane. Hizo ndizo kelele zinazowaamsha watu. Jike hana haraka. Anaingia kiotani, anavuta utepe mmoja, anavuta mwingine, anatoka, anakwenda kwa jirani. Kiota kibichi chenye rangi ya kijani kina nafasi kubwa ya kukubaliwa; kikikauka na kugeuka kahawia bila kupata mwenyeji, dume mwenyewe anakibomoa na kusuka kingine palepale. Kwa hiyo viota vinavyodondoka chini ya mti si vyote vilivyoangushwa na upepo. Vingi vimekataliwa na wenye macho makali.

Nicholas na Elsie Collias, mume na mke waliofanya kazi katika Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, waliwafuatilia minana hawa Afrika na kwenye mabanda ya chuo, na mwaka 1984 wakatoa kitabu kikubwa kuhusu ujenzi wa viota. Moja ya waliyoyaona linamfaa kila mzazi na kila fundi: madume wadogo walionyimwa majani ya kuchezea walipokua walisuka vibaya, ilhali wenzao waliokuwa wakiyachezea tangu wakiwa wadogo walikuwa mahodari zaidi. Mnana anazaliwa na hamu ya kusuka, lakini mkono mwepesi anaupata kwa mazoezi. Atazamaye mti kwa makini ataviona viota vya hovyo, vyenye matundu na nyuzi zinazoning'inia. Vingi ni vya vijana. Hakuna jike anayevijali, nao wanaendelea tu.

Jike akishakubali, kazi ya ndani ni yake. Anatandika nyasi laini na manyoya, anataga mayai mawili au matatu, anayaatamia peke yake kwa siku kama 12, na makinda wakitoka anawalisha wadudu kwa takriban wiki tatu. Dume husaidia kidogo au hasaidii kabisa, kwa kuwa tayari anasuka nyumba ya mke wa pili, pengine wa tatu. Usikose kumtazama jike wakati huu. Watu wengi huacha kutazama sherehe ya madume ikiisha, na hapo ndipo mambo mazito yanapoanza.

Zito kuliko yote ni kekeo, ndege mdogo mwenye mgongo wa kijani unaometameta, anayesikika sana wakati wa mvua na kuonekana kwa nadra. Kekeo hajengi. Jike wake huvizia kiota cha mnana na kutaga yai lake humo. Kinda la kekeo likitoka linasukuma nje mayai yaliyobaki, na mama mnana anabaki kulea mtoto wa mwingine. Je, atajilindaje? Kwa rangi. Mayai ya minana hayafanani: kuna meupe, ya buluu, ya kijani, yenye madoa na yasiyo na madoa, lakini kila jike hutaga ya aina moja maisha yake yote. Yai lisilofanana na yake anaweza kulitambua na kulitupa.

Uthibitisho mzuri wa jambo hilo ulitoka mbali na Ziwa Victoria. Minana wa aina hii walipelekwa na watu katika kisiwa cha Hispaniola, kule Karibea, zaidi ya miaka 200 iliyopita, na Mauritius mwaka 1886. Huko hakuna kekeo. Mwaka 2005 mtafiti David Lahti alionyesha kwamba katika visiwa hivyo mayai yamepoteza sehemu ya ule utofauti mkubwa kati ya jike na jike, na madoa ya mayai ya jike mmoja hayalingani tena kama ya minana wa Afrika. Adui alipoondoka, alama ya siri ilianza kufifia. Wale wanaopiga kelele Kahororo bado wako vitani.

Kwa nini basi wakajenge uani, kwenye watoto wenye manati na paka? Kwa sababu nyoka na kipanga ni wabaya zaidi. Yupo kipanga mmoja mkubwa wa kijivu mwenye uso wa njano, ambaye viungo vya miguu yake hupinda mbele na nyuma. Anang'ang'ania chini ya kiota, anaingiza mguu mlangoni na kuchomoa makinda mmoja mmoja. Ndege huyo huogopa pirikapirika za watu kuliko mnana anavyoziogopa. Mlango wa chini, tawi jembamba lisilobeba nyoka mzito na nyumba yenye watu ni ngome tatu za mnana. Mwenye nyumba ni mlinzi asiyelipwa, na hajui.

Sasa migomba. Mkulima wa Kihaya haupendi mgomba kwa ajili ya kivuli, unamlisha. Kumwambia kwamba ndege wanapendeza ni kumkosea adabu. Jani lililochanwa na upepo au ndege huendelea kufanya kazi, na mgomba huvumilia mengi, ila mgomba uliosimama chini kabisa ya mti wa minana unaweza kubaki na mishipa ya majani tu. Hiyo ni hasara, ingawa ni ya mashina machache na ya muda.

Liko na shtaka kubwa zaidi. Mnyauko wa bakteria ulithibitishwa Kagera mwaka 2006, na Muleba ni miongoni mwa wilaya zilizoonja uchungu wake mapema. Watafiti wamewataja ndege na popo, pamoja na nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, kuwa wanaweza kubeba bakteria hao. Mtetezi wa ndege akilificha hilo, mkulima ana haki ya kumfungia mlango. Lakini tazama ushauri ambao wataalamu wa kilimo wamekuwa wakiutoa miaka yote: ondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, panga lipitishwe motoni au lioshwe kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia shina jingine, shina linaloumwa liondolewe. Ua dume likishaondolewa, mdudu, popo na ndege wote wamefungiwa njia kwa mpigo mmoja. Kukata mparachichi hakumzuii nyuki hata mmoja, na panga lenyewe, likitoka shina bovu kwenda zima bila kusafishwa, ndilo msafirishaji mkubwa.

Minana wamepewa nafasi kubwa hapa kwa kuwa ndio wanaokatiwa miti. Kando ya ziwa kuna kesi nyingine inayofanana. Mdiria, yule mweusi-mweupe anayesimama hewani akipigapiga mabawa kabla ya kujitupa majini, huzaa ndani ya shimo analolichimba kwenye ukingo wa mchanga, lenye urefu wa mita moja na zaidi. Miaka ya 1970 na 1980 mwanabaiolojia Heinz-Ulrich Reyer aliwafuatilia ndege hao nchini Kenya, kwenye Ziwa Victoria na Ziwa Naivasha. Aligundua kwamba wazazi husaidiwa kulisha makinda, mara nyingi na kijana wao wa kiume wa uzao uliotangulia. Kwenye Ziwa Victoria, ambako kuwapatia makinda samaki wa kutosha kulikuwa kugumu zaidi, wazazi waliwakubali hata madume wasio na undugu nao. Naivasha, wasaidizi wa namna hiyo walikuwa wakifukuzwa. Maisha yakibana, mlango unafunguliwa kwa mpita njia mwenye samaki mdomoni.

Anayetembea ufukweni Bukoba au kwenye mialo ya Muleba anaweza kuyaona hayo kwa macho yake, ikiwa ukingo bado upo. Mchanga unahitajika kwa ujenzi na wachimbaji wanahitaji kula, lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mita hizo hazikuwekwa kwa ajili ya ndege peke yao. Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kuipita rekodi ya mwaka 1964, na waliojenga na kulima karibu na maji wanakumbuka vizuri zaidi kuliko makala yoyote.

Wengine watajwe kwa kupita. Fundichuma hurundika vijiti maelfu kwenye panda ya mti mpaka kiota kinabeba uzito wa mtu mzima, halafu anapiga lipu ya tope kwenye njia ya kuingilia. Chozi hushona kifuko kidogo kwa nyuzi za buibui na kukining'iniza hata kwenye waya wa baraza. Bundi wa darini, anayeuawa kwa hofu ya uchawi, hulea makinda waliopishana umri na kuwalisha panya usiku kucha. Nyumba inayomfukuza bundi na kisha kununua sumu ya panya imejitia gharama yenyewe.

Kutazama kuna adabu yake. Dirisha na pazia vinatosha kuwa maficho, na darubini ndogo ni ziada tu. Majani yanayokifunika kiota yasikatwe ili picha ya simu itoke vizuri, kwa kuwa yakiondoka jua linaingia na kunguru anaona. Mwanzoni mwa kutaga mtu asikaribie kabisa, na mwishoni pia, siku makinda wanapokuwa na manyoya kamili, kwa sababu wakitishwa huruka kabla ya wakati na kuishia chini. Kinda asiye na manyoya akianguka arudishwe kiotani. Imani kwamba mama atamkataa kwa kunusa mkono wa mtu haina msingi.

Na yaandikwe. Hapa ndipo shule zinapoweza kuingia, kwa gharama ya daftari moja. Mti upi, ndege gani, dume alianza lini kusuka, jike ameonekana lini na mdudu mdomoni, makinda wameruka lini, mvua ilinyesha au la. Mwanafunzi wa darasa la tano anaweza. Uingereza mpango wa namna hiyo ulianza mwaka 1939, watu wa kawaida wakijaza kadi za viota vya bustani zao. Mwaka 1997 Humphrey Crick na wenzake walizichambua kadi za miaka 25, kutoka 1971 hadi 1995, wakakuta kwamba kati ya aina 65 za ndege, 20 walikuwa wamewahisha kutaga kwa wastani wa karibu siku tisa. Hakuna mtambo wa hali ya hewa ambao ungeweza kusema hilo. Lilisemwa na wastaafu, walimu na watoto wenye kalamu.

Afrika Mashariki nayo haikulala. Jumuiya ya historia ya asili iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1909 ilikusanya kadi za viota kutoka nchi zetu, na mwaka 1980 Leslie Brown na P. L. Britton walitoa kitabu kuhusu majira ya kuzaliana ya ndege wa ukanda huu. Ni kazi kubwa. Lakini kadi hizo zilitoka zaidi kwa watu wachache waliokuwa na muda na darubini, na mvua za leo si mvua za wakati ule. Mkulima wa Kagera anaweza kukueleza jinsi masika yanavyochelewa au kuwahi. Ndege wanafanya nini nayo, ni daftari la Kahororo tu litakaloeleza kuhusu Kahororo.

Aprili imetajwa kwenye kichwa cha habari kwa sababu ndio mwezi ambao mvua ya Bukoba hufikia kilele, katika mji unaopata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua huleta majani mabichi ya kusukia na wadudu wa kulishia. Vuli, kuanzia Oktoba, huleta nafasi ya pili, na kwa kuwa mwambao huu haukauki kama mikoa mingine, minana wanaweza kukutwa na makinda hata katika miezi usiyotarajia. Kwa hiyo kalenda peke yake haitoshi, na rangi ya kiota nayo hudanganya: cha kijani huenda hakina kitu bado, na cha kahawia huenda kina makinda watatu. Kipimo cha uhakika ni kukaa nusu saa asubuhi. Jike akionekana anaingia na panzi mdomoni na kutoka bila kitu, ndani kuna walaji.

Nusu saa hiyo inaweza kuwa kanuni. Pale panapotakiwa kibali cha kukata mti, fomu iongezewe swali moja: kuna viota vyenye mayai au makinda? Jibu likiwa ndiyo, tarehe isogezwe mbele kwa wiki chache. Wanaopogoa miti ya shule, makanisa, misikiti na barabara wanaweza kupangiwa Juni hadi Agosti, miezi yenye mvua kidogo, ambayo hata kwa wafanyakazi ni salama zaidi kupanda juu ya mti. Mwenyekiti wa mtaa hahitaji bajeti kwa hilo.

Mti unaoinamia paa, uliooza shina au unaogusa nyaya za umeme ukatwe leo, viota au bila viota. Uhai wa watu hausubiri wiki sita. Na kwa mti mzima ambao kosa lake ni kelele, mwenyewe anaweza kungoja makinda waruke, kisha akate matawi yaliyo juu ya kamba ya nguo na juu ya migomba, aache mengine. Minana wakirudi msimu ujao watasuka kwenye yaliyobaki, upande wa pili wa uwanja.